Kikokotoo cha umri wa ulimwengu: nimekijaribu mwezi mzima, shahidi wangu ni jiwe la uani

Kabla hujanikasirikia: hiki si kile kikokotoo cha mafao ya wastaafu. Kile kimeshasemwa mpaka kikachosha, na mimi kustaafu bado. Hiki ni ukurasa mmoja wa intaneti, wa bure kabisa, uliotengenezwa na Profesa Edward L. Wright wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye wengi humwita Ned. Unaingiza namba tatu, unabonyeza kitufe, unaambiwa ulimwengu una umri gani. Hakuna kujisajili, hakuna kuombwa namba ya simu, hakuna "subiri ujumbe wa uthibitisho". Kwa hilo tu kimeshajipatia nyota moja kwangu.

Mimi ni mtunza hesabu. Nawaandikia matajiri watatu wa dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, na kwetu tajiri maana yake ni mwenye mtumbwi na injini, hata kama anadaiwa mpaka kofia. Kambi zao ziko visiwani kwenye Ziwa Victoria, upande wa Ukerewe. Usiku wa giza wavuvi wanaingia ziwani na taa, mchana dagaa wanaanikwa, na magunia yakishuka Kirumba mimi ndiye naandika: mafuta lita ngapi, betri za taa ngapi, mgao wa wavuvi, deni la nani. Mwezi ukipevuka dagaa hawafuati taa, kazi inalala, na hapo ndipo napata nafasi ya mambo kama haya.

Chanzo ni mtoto wa kaka yangu. Yuko kidato cha tano, anasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) kama mimi zamani, akaja likizo kwetu Igogo mlimani. Jioni moja tumekaa nje akaniuliza, "Shangazi, darasani tumeandika ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Lakini kuna mahali nimesoma 12.7. Sasa hiyo bilioni moja imekwenda wapi?"

Ukimuuliza mtunza hesabu bilioni imekwenda wapi, usiku huo halali.

Nikaanza vibaya. Nilipakua programu moja ya simu, sitaitaja, iliyojisifu kwamba inakokotoa umri wa ulimwengu kwa modeli yoyote utakayo. Kila ukibonyeza unaangalia tangazo la sabuni kwanza. Nikaweka kasi ya mtanuko 70, ikasema 13.8. Nikaweka 50, ikasema 13.8. Nikaweka 500 kwa makusudi, tangazo la sabuni, halafu 13.8. Hicho si kikokotoo, ni bango. Nimewahi kufanya kazi na karani wa namna hiyo: daftari lake lilikuwa linafunga kila mwezi, sawasawa kabisa, na ndiyo maana aliondoka. Nikaifuta, nikaendelea kutafuta, nikaupata huu ukurasa wa Los Angeles.

Sura yake haivutii. Ni ya kizamani, inafanana na risiti ya kuandikwa kwa mkono. Upande wa kushoto kuna visanduku vya kujaza, upande wa kulia majibu. Kwenye simu yangu maandishi ni madogo kama ya kwenye pakiti ya dawa, inabidi kuvuta kwa vidole viwili, na lugha ni Kiingereza kitupu. Lakini kila kisanduku kinafanya kazi yake. Cha kwanza ni kasi ya mtanuko, ambacho unakikuta kimeshajazwa 69.6. Cha pili ni kiasi cha maada, 0.286. Cha tatu ni kiasi ambacho nuru ya galaksi fulani imevutika kuelekea wekundu, kimewekwa 3. Kuna vitufe vitatu: ulimwengu wazi, ulimwengu bapa (ambao maada na nishati ya giza zikijumlishwa zinatimia 1), na cha tatu ambacho unajiwekea mwenyewe kiasi cha nishati ya giza, kikiwa kimejazwa 0.714. Nilibonyeza cha bapa bila kugusa chochote, kufumba na kufumbua jibu likaja: miaka bilioni 13.721 tangu Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu.

Sasa hapo ndipo watu wengi wanafunga ukurasa. Wameshapata namba. Mimi nikaanza kuiharibu, maana hesabu usiyoweza kuiharibu huwezi kuiamini.

Niseme kwanza jinsi inavyofanya kazi, kwa namna ambayo marehemu baba yangu angeielewa. Baba alikuwa akisimama ufukweni anasubiri mtumbwi wa mizigo, na akiuona tu anakwambia umetoka lini. Umbali ni kilomita 40, unakwenda kilomita 10 kwa saa, basi umesafiri kwa saa nne. Gawa umbali kwa mwendo, kwisha. Lakini kila mara aliongeza swali: "Njiani ulikuwa unakwendaje?" Kwa sababu kama mtumbwi ulianza kwa kasi kubwa ukaja kupunguza, basi hizo saa nne ni nyingi mno, umesafiri muda mfupi zaidi. Na kama ulianza polepole halafu upepo wa nyuma ukaukuta katikati, saa nne hazitoshi.

Ulimwengu ni hivyohivyo. Galaksi zilizo mbali zinaachana nasi, na kadiri ilivyo mbali ndivyo inavyoachana nasi kwa kasi zaidi. Ile 69.6 maana yake ni kwamba kwa kila megaparseki moja ya umbali, ambayo ni miaka ya nuru milioni 3.26, kasi inaongezeka kilomita 69.6 kwa sekunde. Ukigeuza vipimo vyote, hesabu ya baba inabaki kuwa rahisi: chukua 978, gawa kwa kasi ya mtanuko, unapata umri kwa mabilioni ya miaka. 978 kwa 69.6 ni 14.05. Ifanye hata nyuma ya tiketi ya daladala. (Mfano wa mtumbwi una tobo lake, najua. Galaksi hazipigi kasia. Nafasi yenyewe kati yao ndiyo inayotanuka, ni kama ziwa linavutika na mitumbwi imetulia. Ila kwa kutafuta muda, tobo hilo halituzamishi.)

Visanduku vingine ndivyo vinajibu lile swali la "njiani ulikuwa unakwendaje". Maada ni breki: kila kilicho na uzito kinavuta kingine, mtanuko unapungua mwendo. Nishati ya giza ni upepo wa nyuma. Kwa hiyo tofauti kati ya modeli moja na nyingine, ukiondoa maneno makubwa, ni kubishana breki zilikuwa kali kiasi gani na upepo ulianza lini.

Basi twende kwenye jaribio lenyewe, na shahidi.

Nyumba yetu Igogo imejengwa kati ya mawe, kama nyumba nyingi za milimani hapa Mwanza. Ukuta wa jiko upande mmoja si tofali, ni jiwe. Kubwa, linapanda kutoka ardhini, linapita nyuma ya jiko na kutokea uani, na huko ndiko mama anakoanika udaga na sisi tunaanika nguo. Saa nane mchana ukilikanyaga peku unaruka. Mijusi yenye vichwa vya rangi ya waridi na miili ya buluu inalipanda na kushuka siku nzima ikitikisa vichwa kama wanaokubali hoja. Ukisogeza macho karibu unaona chembe zinazometameta, nyeupe, nyeusi, na nyingine za kijivu kama chumvi ya mawe. Ni granaiti, ya ukoo uleule wa Jiwe la Bismarck ambalo wageni wanalipiga picha ziwani. Na granaiti hizi ni sehemu ya bamba la kale la ardhi ya Tanzania; umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Ziwa lenyewe ni mtoto mchanga mbele yake. Miaka kama 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka, ungeweza kutembea hadi Ukerewe kwa miguu na vumbi.

Nilimwambia kijana achukue chaki. Tukaandika kwenye jiwe: 2.5. Chini yake 4.54, umri wa Dunia. Chini yake 12, umri wa nyota kongwe zilizoko kwenye vishada vya pembezoni mwa galaksi yetu, nyota ambazo wataalamu wanazipima kwa jinsi zilivyochoma mafuta yao, na nyingine zinazidi hapo. Hao ndio mashahidi wetu watatu. Sheria ni moja tu, ya daftari lolote: huwezi kuuza gunia kabla hujalivua. Modeli yoyote itakayotoa ulimwengu mdogo kuliko kitu kilichomo ndani yake, imekula hesabu.

Tukaanza na mwanaastronomia Edwin Hubble mwenyewe. Mwaka 1929 alipolinganisha umbali wa galaksi na kasi zake, alipata mtanuko wa kama 500. Padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alikuwa ameshapata namba ya aina hiyohiyo miaka miwili kabla yake. Nikaweka 500 kwenye kisanduku cha kwanza, nikaacha mengine. Kikokotoo hakikusita: bilioni 1.9. Nikaondoa nishati ya giza, nikaweka maada 1, yaani breki peke yake, ambayo ndiyo modeli iliyopendwa kwa miaka mingi. Bilioni 1.3.

Kijana akaliangalia jiwe. Akaliangalia tena simu. "Shangazi, jiko letu ni kubwa kuliko ulimwengu?"

"Kwa umri, ndiyo," nikamwambia. Na hiki ndicho kitu ambacho lile bango la matangazo ya sabuni lisingetupa kamwe. Wanajiolojia wa enzi hizo walijua mawe yao ni makongwe, na mzozo huo ulikuwa wa kweli. Kosa halikuwa kwenye mawe wala kwenye kugawa. Lilikuwa kwenye kupima umbali. Hubble alitumia nyota zinazopwita, zinazopanda na kushuka mwanga kwa mpangilio, na mwaka 1952 Walter Baade akaonyesha kwamba nyota hizo ziko za aina mbili na zilikuwa zimechanganywa. Umbali wa galaksi ukaongezeka mara mbili kwa mkupuo mmoja, na umri wa ulimwengu nao mara mbili. Ni sawa na mtu aliyekuwa anapimia dagaa kwa debe huku daftari linasema sado. Samaki ni walewale, kipimo ndicho si chenyewe.

Halafu ikaja enzi ambayo mimi naiita ya mnada. Kwa miaka mingi Allan Sandage alishikilia kwamba kasi ni karibu na 50, Gérard de Vaucouleurs akasema ni karibu na 100, na hakuna aliyeshuka bei. Nimeziweka zote mbili kwa modeli ya breki peke yake. 50 inatoa bilioni 13, mashahidi wote watatu wanapita. 100 inatoa 6.5: jiwe linapita, Dunia inapita, nyota zinakataa. Ukifanya hivi mwenyewe unaelewa kwa nini mtu angeweza kuipenda 50 hata kabla hajapima chochote.

Lakini soko halikufuata mapenzi ya mtu. Mwaka 2001 kundi lililotumia darubini ya anga ya Hubble lilipata 72. Weka 72 na breki peke yake: bilioni 9. Nyota za bilioni 12 ndani ya ulimwengu wa bilioni 9, mtoto kamzidi mama. Bonyeza sasa kitufe cha ulimwengu wazi, weka maada 0.3, yaani breki dhaifu na hakuna upepo: bilioni 11. Afadhali, lakini bado mama ni mdogo. Hapa nilimwachia kijana simu nikaenda kuepua ugali, na niliporudi alikuwa ameshabonyeza kitufe cha bapa na maada ileile 0.3, upepo wa nyuma 0.7. Bilioni 13.1. Alikuwa amesimama juu ya jiwe na chaki mdomoni kama sigara.

Huo upepo haukubuniwa ili kuokoa nyota tu. Mwaka 1998 makundi mawili yaliyokuwa yakipima supanova za mbali, yaani nyota zinazolipuka, yaligundua kwamba supanova hizo ni hafifu kuliko zilivyotarajiwa, maana yake ziko mbali zaidi, maana yake mtanuko unaongeza mwendo badala ya kupunguza. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Nishati ya giza ni nini hasa, hilo kikokotoo hakikuambii, na wala hakijifanyi kukuambia. Kinaandika tu kiasi chake kwenye kisanduku, kama mimi ninavyoandika "mengineyo".

Kuna jambo moja ambalo sikulitegemea, na ndilo lililonifanya nikae na ukurasa huu wiki nyingine tatu baada ya kijana kulala. Nilifuta kila kitu. Maada sifuri, nishati ya giza sifuri, kasi nikaacha ileile 69.6. Ulimwengu mtupu, hauna breki, hauna upepo, mtumbwi unakwenda mwendo mmoja tangu ufukweni. Kwa ulimwengu mtupu kabisa jibu ni hesabu ya baba yenyewe, 14.05. Na modeli kamili yenye breki na upepo ilikuwa imetoa 13.72. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba kwenye gunia la kilo mia ingekuwa kama kilo mbili na nusu, tunaita hiyo unyevu.

Inakuwaje? Katika nusu ya kwanza ya safari breki zilishika, maada ilikuwa imesongamana. Kisha mtanuko ulivyozidi maada ikakonda, upepo ukaizidi nguvu, ukiweka 0.7 kwenye kile kisanduku cha wekundu unakuta zamu hiyo ilibadilika miaka bilioni 6 na ushei iliyopita. Tangu hapo mtumbwi unaongeza mwendo. Kilichopotea mwanzoni na kilichoongezeka baadaye karibu vinafutana, na sisi tumetokea kuishi wakati vinapokaribia kufutana. Angekuwepo mtunza hesabu miaka bilioni 10 iliyopita, kugawa kwa baba kungempotosha. Nimelifikiria hili nikiwa kwenye kivuko, nikiwa foleni ya maji, nikiwa katikati ya kujumlisha lita za petroli, na bado linanikera kwa namna nzuri.

Sasa bilioni iliyopotea. Satelaiti ya Planck ya Ulaya ilipima mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga, ule ambao Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa mwaka 1964 wakidhani ni hitilafu ya antena. Kutokana na vipimo hivyo, kasi ni 67.4 na maada 0.315. Weka: 13.8. Kundi la Adam Riess, wanaopima umbali hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi, kwa nyota zinazopwita na supanova, wanapata 73. Weka 73, acha maada ileile: 12.7. Hiyo ndiyo bilioni ya kijana. Haikuibwa, iko kwenye kisanduku cha kwanza.

Ila hapa nitoe onyo, maana kikokotoo ni mtiifu mno. Hiyo 0.315 ni ya Planck, imepatikana pamoja na 67.4 kwenye kapu moja. Ukiichukua ukaibandika kwa 73, umechanganya madaftari ya matajiri wawili ukajumlisha chini. Hesabu itafunga, lakini si hesabu ya mtu yeyote. Wanaopima 73 wanapima kasi ya leo; hawajasema kwa hiyo kwamba umri ni 12.7. Huenda kuna jambo la njiani ambalo halijaeleweka, huenda kuna kosa kwenye ile ngazi ya umbali. Wendy Freedman na wenzake, kwa darubini ya James Webb, wanapata namba za karibu na 70, katikati ya hao wawili. Na tangu mwaka 2024 mradi wa DESI wa kuchora ramani ya galaksi, ulioko Kitt Peak kule Arizona, umekuwa ukitoa dalili kwamba upepo wenyewe huenda haukuwa wa nguvu moja wakati wote. Ukurasa huu wa kawaida unauchukulia kuwa haubadiliki kabisa. Kuna toleo la wajuzi, unalifikia kutoka hapohapo, linalokuruhusu kuubadilisha, lakini usianze nalo. Nilianza nalo siku ya pili nikatoka na kichwa kinauma.

Kwa ufupi kuhusu majibu mengine yanayotokea chini ya umri: mengi yana faida kwa wanafunzi tu. Moja lilitushangaza. Kwa galaksi ya wekundu 3, nuru imesafiri miaka bilioni 11.549, lakini umbali wake leo ni miaka ya nuru bilioni 21.139. Kijana akasema wamekosea. Hawajakosea, wakati nuru iko njiani, njia yenyewe ilikuwa inarefuka nyuma yake. Tukajaribu pia ile galaksi ya James Webb iitwayo JADES-GS-z14-0, wekundu wake ni 14 na kidogo: tunaiona ilivyokuwa ulimwengu haujafikisha miaka milioni 300. Halafu tukaiweka kwenye modeli ya breki peke yake kwa kasi ya 70, ikawa kama nusu ya hapo. Galaksi nzima ijijenge kwa muda huo, nani atakubali.

Kasoro. Maandishi madogo, nimesema. Hakuna Kiswahili, kwa hiyo nilimwandikia kijana maana ya kila kisanduku kwenye karatasi. Hakikuonyi ukiweka namba za kijinga, ingawa hilo mimi naliweka upande wa sifa. Kikwazo kikubwa zaidi ni zile tarakimu za mwisho. Tajiri mmoja, mzee wa watu, alinikuta mwaloni nikichezea simu magunia yakisubiri. Akainama akasoma, akauliza hiyo 13.721 ni ya nini. Nikamweleza. Akafikiri kidogo.

"Hiyo 721 ya mwisho, mama, kuna mtu aliihesabu?"

Nikamwambia hapana, mzee, hiyo ni ya kugawa tu. Wenyewe bado wanabishana kuhusu namba ya kwanza baada ya nukta.

"Basi wasingeiandika," akasema, akaenda kuangalia mizani.

Yuko sahihi. Mtu akiniletea hesabu ya magunia 13.721 namrudisha. Naelewa kwa nini Profesa Wright ameziacha: kwa mwanafunzi anayehakiki hesabu yake mwenyewe, tarakimu nyingi zinasaidia kuona kama amekosea mahali. Lakini msomaji wa kawaida ataibeba 721 nyumbani akidhani imepimwa. Nyota nne kati ya tano, basi, na hiyo moja nimeikata kwa ushauri wa mzee.

Bando haliliwi sana. Ukurasa ni mwepesi, na hesabu inafanyika ndani ya simu yako yenyewe, kwa hiyo ukishafunguka unaweza kubadilisha namba mpaka uchoke. Kijana amerudi shuleni na karatasi yake. Chaki bado iko uani, safu nzima: 1.3, 1.9, 6.5, 9, 11, 13.1, na pembeni zile mbili, 13.8 na 12.7, zenye alama ya kuuliza. Jana mama ameniuliza ni nani amemwandikia namba kwenye jiwe lake la kuanikia udaga. Nimesema nitafuta Jumamosi.